Siku Eva Alipomwona Tunu wa Ziwa

Wateja wangu wa Kasulu mmeniuliza mno: kwa nini nilifunga saluni siku tatu, na kwa nini Eva alikwenda Kigoma akirukaruka akarudi kimya. Niliwajibu juu juu, maana mtu akiwa ameinamisha kichwa kwenye beseni humwambii mambo mazito. Sasa nayaandika yote kama yalivyofuatana, kutoka stendi hadi stendi, nisiulizwe tena. Na nianze kwa kukiri kwamba safari ile niliifanya kwa woga. Roho yangu haikukaa mahali pake tangu tulipoondoka.

Eva ni binti wa marehemu dada yangu Agripina. Dada alipofariki Eva alikuwa kidato cha kwanza. Sasa yuko cha tatu, ana miaka kumi na sita, na tunaishi wawili tu, chumba cha nyuma ya saluni. Mimi sikujaliwa kuzaa. Huyo ndiye mtoto niliye naye. Msiba ulipokuwa mbichi, Eva alimwandikia Tunu wa Ziwa, yule mwigizaji wa filamu ambaye picha yake mmeiona juu ya kioo changu cha pili. Siku ya tatu ukarudi ujumbe wa sauti: "Usilie, mdogo wangu. Hata mimi nililelewa na mama wa kuanika dagaa pale Kibirizi, akaniacha mdogo. Mlango wangu uko wazi. Njoo siku moja, nitakuwa mama yako." Eva aliusikiliza ujumbe ule asubuhi kabla ya shule na jioni kabla ya kulala, miaka miwili. Mimi nilikuwa napika, nafua na kumsuka, lakini maneno mazuri kama yale sikuwahi kumwambia. Kwetu hatuna mazoea hayo.

Basi likatoka tangazo kwenye grupu la mashabiki: Tunu anakuja Kigoma kuigiza filamu, na mabinti kumi wa grupu watachaguliwa kusimama nyuma yake kama wauza dagaa. Eva akachaguliwa. Alipiga kelele mpaka mteja niliyekuwa namkata nywele akaruka, na mkasi ukapita nisipokusudia. Ningemkatalia? Nilikubali, kwa sharti kwamba tunakwenda wote.

Jumamosi, saa moja asubuhi, stendi ya Kasulu. Nilipobeba begi la Eva kumsaidia, mkono ulivutwa chini. "Siku tatu tu, umebeba nini?" nikamuuliza. Akasema, "Nguo, mama mdogo." Nguo ninazijua uzito wake. Tangu hapo macho yangu hayakuondoka kwenye lile begi.

Hadi Kidahwe Eva alinisimulia filamu za Tunu, moja baada ya nyingine, nani alimwoa nani na nani alimtilia nani sumu. Nilimsuka wiki hiyo mtindo wa Tunu, nywele ndogondogo zilizokusanywa upande mmoja, kazi ya saa tano. Alikuwa amependeza, na kila mara alijitazama kwenye kioo cha dirisha. Tulipofika Mwandiga gari likasimama, akina mama wakapita na ndizi mbivu na machungwa. Nikanunua chane moja. Eva hakula. Kutoka hapo barabara inashuka kuelekea mjini, na ghafla ziwa likaonekana lote chini yetu, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Eva akanishika mkono, vidole vya baridi. "Yuko huku," akasema. Nami niliwaza: Mungu wangu, mtoto huyu hakuja kutazama, amekuja kuhama.

Saa tano, Gungu, mtaa wa Kigoma mjini. Mwenyeji wetu alikuwa Bibi Mwamvua, mjane, mzaliwa wa Ujiji, ambaye zamani alileta dagaa mnadani Kasulu na kila akija alisukwa kwangu. Alitupokea mlangoni na kanga begani.

"Shikamoo, Bibi," Eva akasema.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu wa Agripina? Pua ileile. Karibuni, ugali wa muhogo uko tayari, na samaki migebuka wa mawese. Msile kwa aibu, mkila kwa aibu mtanikosesha usingizi."

Nilipomwambia kilichotuleta, akacheka kidogo. "Huyo Tunu nimemsikia redioni. Anasema kalelewa pale mwaloni kwetu Kibirizi. Mimi nimeanika pale tangu sijaolewa, mama yake simkumbuki. Lakini watu ni wengi, na uzee nao unasahaulisha."

Eva aliweka tonge chini. "Mama yake alikufa zamani, Bibi." Alisema hivyo kama anamtetea ndugu.

Saa tisa alasiri Bibi Mwamvua akatuchukua Kibirizi, kwenye mwalo, yaani ufuo wa kupokelea samaki, kugeuza dagaa wake. Kwa mliozoea kuwaona dagaa kwenye visado vya sokoni tu, niwaeleze. Mitumbwi inawaleta alfajiri, akina mama wanawapokea, wanawaosha, kisha wanawamwaga juu ya chanja, yaani vitanda vya miti vilivyotandikwa nyavu, wakauke kwa jua la siku moja. Chanja ni nyingi ufuoni, na kila mama anazijua zake. Dagaa wabichi wanang'aa hadi macho yanauma.

Hatujamaliza kugeuza, upepo wa baridi ukatupiga kutoka ng'ambo. Bibi Mwamvua hakutazama hata juu. Alipaza sauti: "Anueni!" Na ufuo mzima ukaruka. Wanawake, wabeba mizigo, mtengeneza nyavu, mwuza chai, kila mtu aliikimbilia chanja iliyo karibu naye. Mwanamke mmoja ambaye dakika tano nyuma alikuwa akigombana na Bibi kwa ajili ya ndoo alikuja kukusanya dagaa wa Bibi. Mimi na Eva tukabaki tumeduwaa na mikono mitupu.

"Mnangoja kualikwa?" Bibi akatufokea. "Mvua ikitishia, hapa hakuna dagaa wa mtu. Unaanua walio mbele yako, wa nani utauliza baadaye."

Mvua yenyewe haikuja, ilipita kusini. Eva, jasho linamtoka, akauliza, "Bibi, kwani wakilowa si mnawaanika tena kesho?"

"Thubutu! Dagaa aliyekwisha kushika jua akinyeshewa ameharibika. Anavunda, anageuka manjano, huyo ni wa kuku. Mtoto wa miaka mitano hapa anajua hilo." Akamfuta Eva magamba shavuni kwa ncha ya kanga. "Na wewe sasa umejua."

Jioni hiyo, Eva akiwa anaoga, nilifanya jambo ambalo sijivunii. Nilifungua begi lake. Chini ya nguo za misimu yote nilikuta bahasha, na ndani yake cheti cha kuzaliwa na ripoti za shule. Chini kabisa kulikuwa na kitenge cha marehemu mama yake, kile cha samawati, kimefungwa kwa karatasi ya zawadi. Nikakaa kitandani. Hakuna mtu anayebeba cheti cha kuzaliwa kwa matembezi ya siku tatu. Nikaikunja tena ile karatasi, nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, na aliporudi nikamuuliza kama maji yalikuwa ya baridi. Niliogopa kwamba nikimgombeza nitampa sababu ya kuondoka. Nikamwomba Mungu kwa maneno haya: mwangushe yule mwanamke machoni pa mtoto wangu. Ndivyo nilivyoomba, nisiwafiche.

Jumapili, saa mbili asubuhi, tulikuwa Ujiji, ufuoni, kama tulivyoelekezwa. Mabinti wote kumi walifika, kila mmoja na mtindo uleule wa nywele. Kazi za wasusi wengine nilizikagua kimoyomoyo, nyingine zilikuwa mbovu. Saa tatu, hakuna gari. Saa nne, hakuna gari. Mabinti wakaanza kuzoeana, na mmoja wao, Rehema wa Ujiji hapohapo, akasema, "Mimi nilipofukuzwa shule alinitumia sauti. Sikilizeni." Akabonyeza simu yake.

"Usilie, mdogo wangu. Hata mimi nililelewa na mama wa kuanika dagaa pale Kibirizi, akaniacha mdogo..."

Ilikuwa ileile. Hata pale anapovuta pumzi kabla ya kusema mlango wangu uko wazi, alivuta vilevile. Binti mwingine akasema hata yeye anao, wa tatu akasema alitumiwa baada ya kuachwa na mchumba. Wakacheka. Eva alicheka pia, kwa kuchelewa kidogo.

"Ana watu wengi, mama mdogo," akaniambia pembeni, bila mimi kumuuliza. "Hawezi kumwambia kila mtu maneno mapya. La muhimu ni kwamba anayamaanisha."

"Sawa," nikamjibu. Lingekuwa jambo dogo kumwambia neno la kumchoma, nalo lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza.

Saa tano ukaja ujumbe kwamba mahali pamebadilika, twende Kibirizi. Tukapanda bodaboda, Eva mbele yangu na begi lake mapajani, upepo ukivuruga zile nywele za saa tano.

Saa saba mchana Tunu wa Ziwa alishuka kwenye gari jeupe pale mwaloni. Ni mzuri, sitasema uongo. Lakini mimi natazama nywele kwanza: wigi lilikuwa la bei, gundi imezidi, na pembeni, juu ya masikio, nywele zake mwenyewe zilikuwa zimekatika hadi ngozi. Zile ni nywele za mtu asiyepumzishwa. Wapiga picha walikuwa wamekwisha kuafikiana na viongozi wa mwalo: kamba imefungwa kuzunguka chanja, akina mama wakae nje yake mpaka waambiwe, kwa sababu mwongozaji aliwataka wale dagaa wanaong'aa nyuma ya Tunu. Chanja tatu za Bibi Mwamvua zilikuwa katikati kabisa.

Eva alipata nafasi yake. Alipiga magoti, akatoa kile kitenge. "Dada Tunu, mimi ni Eva wa Kasulu. Hiki kilikuwa cha mama yangu. Uliniambia nije."

Tunu akamkumbatia, msaidizi wake akapiga picha. "Asante, mpenzi, kizuri sana!" Kisha msaidizi akakichukua na kukitupia juu ya boneti ya gari, na Tunu akageukia kioo. Basi. Eva alibaki amepiga magoti kwa muda, kama mtu anayesubiri sehemu iliyobaki. Nilitaka kwenda kumwinua lakini nikaona haya, kwa sababu nilikuwa nimeliomba hilo.

Saa tisa kasoro, Tunu anarudia kwa mara ya sita maneno yake ya kumlilia mama wa kwenye filamu, upepo wa baridi ukatupiga kutoka ng'ambo. Milima ya Kongo haikuonekana tena. Bibi Mwamvua akasimama. "Anueni!"

Vijana wawili waliolinda kamba wakanyoosha mikono kutuzuia. Mwongozaji akapaza sauti, "Mama zangu, dakika kumi! Mwanga huu hatuupati tena!"

Akina mama wakamgeukia Tunu. "Mwanetu," mmoja akamwita, "wewe ni wa hapa. Hebu mwambie."

Tunu akacheka, akapunga mkono. "Jamani, ni wingu la kupita tu hilo. Na wakilowa, si mtawaanika tena kesho?"

Bibi Mwamvua alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira. Kisha nikaona watu wote tuliokuwa pale tunamtazama mtu mmoja tu, Eva, kwa sababu Eva alikuwa ametoka kwenye mstari wa mabinti kumi. Alipita mbele ya kamera, akaenda kwenye gari, akakivuta kitenge cha mama yake kutoka kwenye boneti, akakitandaza chini ya chanja ya kwanza na kuanza kukomba dagaa kwa mikono yote miwili.

"We binti! Unaharibu!" mwongozaji akapiga kelele.

"Anueni!" Eva akajibu, sauti imepasuka. Hakumtazama mtu.

Kamba ilikatika, sijui nani aliikata. Akina mama waliingia, nami niliingia, na Rehema, na hata kijana mmoja wa kushika kamba. Matone ya kwanza yalikuwa mazito. Tulianua chanja mbili za Bibi. Ya tatu ilinyeshewa ikiwa nusu, na Bibi akasema hiyo ni ya kuku na kuku nao wana haki yao. Tukajibanza kwenye banda la nyavu, Eva amekumbatia furushi la dagaa, maji yanamtiririka.

Mvua ilipopungua, kioo cha gari jeupe kikashuka na Tunu akaniita mimi, maana nilikuwa na kimkoba changu cha kazi kiunoni. "Mama, una pini? Wigi limeachia." Nikaenda. Mteja ni mteja. Nilimbana pini taratibu, nikiwa nimejaza maneno kifuani tangu Kasulu, na lililotoka likawa moja tu: "Ule ujumbe wa kufiwa na mama, uliusema wewe mwenyewe?"

"Nilirekodi mara moja," akasema. Alionekana amechoka. "Vijana wa ofisini ndio wanaotuma. Kwani ujumbe uliwasaidia?"

Sikuweza kudanganya. "Ulisaidia. Miaka miwili."

"Unaona?" Akashusha pumzi. "Mimi mama yangu yupo, Morogoro. Mambo ya dagaa ni ya kazi tu, mama. Watu wanapenda."

Nyuma yangu mtu akasogea. Eva alikuwa amesimama pale, amenifuatia na taulo. Alikuwa amesikia yote. Uso wake ulikuwa mweupe wa magamba, na nikajua kwamba maombi yangu yamejibiwa. Nawaambia kweli, sikufurahi hata kidogo. Niliomba mwanamke yule aanguke, sikujua kwamba angemwangukia mtoto wangu.

"Mama yako yuko hai?" Eva akamuuliza.

"Yuko hai, mdogo wangu."

"Basi mpigie simu," Eva akasema, akanipa taulo, akaondoka.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Bibi Mwamvua alitusindikiza hadi kituoni na kifurushi cha dagaa. Alimshika Eva mabega. "Ukija tena, njoo kwangu. Mimi sikuahidi umama, nina watoto saba wananitosha. Lakini chanja zangu unazijua." Eva akatabasamu, mara ya kwanza tangu jana.

Alikuwa amekwisha kuondolewa kwenye grupu la mashabiki. Alinionesha tu simu. Tukapita Mwandiga, akala ndizi mbili. Kabla ya Kidahwe akalia, kwa muda mrefu, kichwa kimelala begani kwangu, na kitenge chenye harufu ya dagaa kimetufunika magoti wote wawili. Abiria wa mbele akafungua dirisha. Mimi sikumwambia kwamba nilijua tangu mwanzo, kwa sababu sikujua. Nilikuwa nimeogopa tu, na kuogopa si kujua.

Tulipokaribia Kasulu akajifuta uso, akafungua begi, akanipa ile bahasha. "Rudisha cheti kwenye sanduku lako, mama mdogo. Mwakani nitakihitaji kujisajili mtihani."

"Kitu gani hiki?" nikajifanya sijui.

"Ulikunja karatasi ya zawadi upande usio wake," akasema. "Nilijua ulifungua begi."

Hiyo ndiyo safari. Picha ya Tunu bado iko juu ya kioo cha pili. Eva hakuing'oa, amesema inaziba ufa. Mkimuuliza habari za filamu anawajibu hajaiona, nami naomba mumwache.

Juma lililopita, saa nane mchana, tulikuwa na mteja, Eva amefikia katikati ya kichwa. Upepo ukaingia mlangoni, wa baridi. Eva alitupa kitana, akatoka mbio. Nilipochungulia nilimkuta uani kwa Mama Yoranda, jirani ambaye mimi naye hatusalimiani mwaka wa pili sasa kwa sababu ya ugomvi wa mfereji wa maji. Muhogo wake ulikuwa umeanikwa kwenye mkeka na mwenyewe hayupo. Eva alikuwa anaukomba muhogo ule kwa mikono yote miwili, na alipogeuka na kuniona nimesimama mlangoni, akanifokea kwa sauti ya Bibi Mwamvua.

"Mama, unangoja kualikwa?"

Nikaenda.